Ilikuwa Ikiyumba Gari, Si Mama

Juzi kijana mmoja kaja dukani kwangu hapa Nizwa, Omani, na gari ya mkewe. "Bibi, nitazamie tairi za mbele, zinalika upande. Unajua tena, anaendesha mwanamke." Nikainama, nikashika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto. "Mkeo hana kosa," nikamwambia. "Bushi, zile pete za ndani ya maungio, zimekwisha." Nilimuuzia spea zake, lakini maneno yale nayasikia tangu utoto.

Wewe unanijua. Shule sikusoma ya maana, herufi nimejifunzia kwenye maboksi ya spea, na duka hili hakunipa mtu. Aliyenifunza gari ni mama yangu, huko Ibra, miaka ya sabini, tulipokuwa tumetoka Unguja na watu wakituita Wazinjibari, wageni wa Zanzibar, hata tukiwa tumesimama mbele yao.

Mama alikuwa mkunga. Gari yake aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao: ya spoti, viti viwili, imelala chini. Haikuumbwa kwa mawe ya wadi, yale mabonde makavu ya huku, lakini ndiyo aliyoipata, na ndiyo iliyomfikisha kwa wenye uchungu mpaka Al Kamil. Baba hakujua kuendesha hata baiskeli. Mpaka leo naisikia harufu ya gari ile: petroli, ngozi iliyopigwa jua, na mkate wa kumimina aliotufungia kitambaani.

Mawe yakaila mbele. Mama akikata sukani, gari kwanza inafikiri, halafu inakwenda inakotaka. Mtaa mzima ukapata la kusema. Jirani yetu, mzee mwenye lori aliyerudi kutoka Tabora, akaja barazani kwa baba.

"Maalim, mnyang'anye mkeo ufunguo kabla hajatuulia watoto. Sukani haitaki kanga."

Baba, mtu mpole kupita kiasi, akautundika ufunguo msumarini juu ya kitanda chake. "Mpaka Idi," akamwambia mama, "maneno yapoe."

Mpaka Idi. Na wanawake wangojee Idi ndiyo wazae?

Mama akatia jeki, akamwita. "Njoo utikise gurudumu hili."

Baba akatikisa. "Linacheza."

"Basi ni mimi niliyekuwa nikiyumba?"

"Naona," akasema baba, akaenda kunawa mikono. Ufunguo ukabaki msumarini.

Mama alikulia kwenye gereji ya babake, Ng'ambo ya Unguja. Tukaifungua mbele yote, mimi na yeye, uani, baina ya jiko na kamba ya nguo. Springi tulizifunga minyororo kwanza, maana zikifyatuka zinaua. Kingpini, vile vyuma ambavyo gurudumu huzungukia likikata kona, zilikuja kutoka bandarini Matrah. Bushi zake za shaba hazikupatikana. Mama akachukua kinu chake cha shaba cha kutwangia kahawa, alichotoka nacho Unguja, akakipeleka Nizwa kwa fundi wa madele, mabirika ya kahawa. Kikayeyushwa, kikarudi bushi. Tangu hapo kahawa tukiiponda kwa jiwe, na asubuhi uani kwetu hakikulia tena kinu. Bushi za mpira tulizikata kwenye tairi kuukuu la lori la yule yule jirani. Alilitupa nje, hatukumuuliza. Mikono tulijisugua kwa ndimu na majivu, na bado wali ulinuka grisi.

Ilipokamilika, mama akaomba ufunguo jirani akiwapo. "Na wewe mzee panda, ukaone mwenyewe."

Akapanda, magoti kidevuni. Mimi nikajibana nyuma ya viti. Kwenye njia ya Al Kamil, pale iliponyooka, mama akaondoa mikono yote miwili kwenye sukani, akaiweka mapajani. Gari ikaenda. Kulia haikwenda, kushoto haikwenda. Mzee kafumba macho, anasoma kila sura aliyoihifadhi.

"Shika, mwanangu, shika."

"Ya nini? Inajua njia."

Tuliporudi akamwambia baba, "Maalim, mwachie ufunguo. Mashaallah, gari nzuri hii."

"Kaitengeneza mwenyewe," akasema baba.

"Wallahi Maalim, kumbe nawe mtani."

Na baba akacheka. Ilipokuwa mbovu, kosa la mwanamke. Ilipopona, sifa za gari. Na baba yangu, aliyelitikisa gurudumu lile kwa mikono yake, akacheka naye. Mama alisikia. Akachukua mkoba wake wa kazi, akapita katikati yao, akaenda Wafi, kulikuwa na mtu ana uchungu.

Nyumba ile imeporomoka, ua umekuwa maegesho. Gari ilichukuliwa na mtu wa Sur, ilikoishia sijui. Baba namwombea maghufira kila Ijumaa, lakini kicheko kile bado nakisikia. Mama naye kazikwa, na hakuna tena anayeijua mikono ile ila mimi. Watoto aliowapokea kwa safari zile sasa wana ndevu za mvi. Nawajua wengine kwa majina, wanaowanyima wake zao ufunguo.