Mnara Uliosimama Bila Mtandao

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha misamaha ya kodi nilifika nimeloa jasho, maana foleni ya magari ya Ntinda, hapa Kampala, ilinikaba tangu asubuhi. Kamishna Msaidizi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, hakuniuliza sababu. Alinipa faili akasema, "Zaituni, huku hatukusanyi kodi, tunaiachilia. Kazi hii inatisha zaidi, kwa sababu ukiachilia vibaya hakuna anayelalamika."

Nyinyi vijana, ngojeni niwaeleze tulivyofanya. Serikali ilitaka intaneti ifike vijijini, ambako kampuni hazikuona faida. Basi kampuni iliyojenga mnara huko ilisamehewa ushuru wa antena, betri na mitambo yake. Lakini msamaha ulithibitishwa tu baada ya mkaguzi kwenda kupima kasi ya mtandao na kutia saini hati ya ukaguzi. Mkaguzi nilikuwa mimi.

Mkuu wangu wa pili, Meneja wa Kitengo, ndiye aliyenituma kaskazini, kwenye mnara ulio jirani na kituo cha afya. Niliukuta umesimama, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Kipimo changu kikasoma sifuri. Nikauzunguka, nikapima tena. Sifuri.

Muuguzi wa pale, Sista Akello, alikuwa akinitazama. "Hajati, hiyo kitu haijawahi kufanya kazi," akasema, akiniita hivyo kwa sababu ya hijabu yangu. "Walipiga picha, wakaenda. Mimi nikitaka kuita ambulensi napanda kile kilima kutafuta mtandao."

Nilirudi Kampala nikamwonyesha Meneja vipimo. Akasema, "Tia saini tu. Wameahidi watauwasha. Ukikataa watang'oa mnara, na hao watu utakuwa umewasaidia nini?"

Siku nne nilibeba ile hati mkobani bila kuitia saini. Nyumbani Kisugu mume wangu aliuliza kama ninaumwa. Swali la Meneja halikuwa la kijinga, na hilo ndilo lililonitesa. Siku ya tano niliandika: mnara haufanyi kazi, msamaha usithibitishwe. Nikatia saini, nikaipeleka hati mezani kwa Meneja.

Kampuni iling'oa mnara. Sista Akello akanipigia. "Hajati, sasa wamebeba hata chuma. Heri ungewaachia, labda siku moja wangewasha."

Nilimwambia pole.

Kampuni nyingine ilijenga mnara pale baada ya misimu miwili ya mvua, nami nikaomba kwenda kuukagua mwenyewe. Safari hii kipimo kilipanda. Sista akampigia daktari wa wilaya kwa video mbele yangu, akicheka. Kisha kicheko kikakatika. "Hii ingekuwepo mwaka jana," akasema, "kuna mama mmoja..." Akageukia mgonjwa aliyefuata, nami nikaondoka bila kumwuliza.

Sasa nimestaafu. Wakaguzi wapya huja kunisalimu, wakitaka kujua kama nilifanya sawa. Nawaambia sheria ilikuwa upande wangu, na leo ningeandika vile vile. Lakini namba ya Sista ninayo, na mpaka leo ninaogopa kumpigia nimwulize habari za yule mama.