Kigari Kilichopimwa Kama Majani Chai

Juzi dukani mjini Silibwet, mama mmoja mwenye vidole vyeusi kwa utomvu wa chai aliomba kuona kigari chekundu cha chuma, mfano wa magari ya mbio, zawadi ya mjukuu.

"Hii ni kama ile ya ukweli, mama. Kila kitu inafunguka," muuzaji akajisifu.

Mama alitandaza leso kwenye kaunta, akakigeuza tumbo juu, akazungusha magurudumu, akafungua mlango wa dereva. Ule wa pili ulikuwa umegandishwa na rangi.

"Hii nimekataa."

"Aki mama, ni mlango moja tu! Nani ataona?"

"Jana karani wa kununua chai alimwaga gunia yangu yote kwa meza. Akapata majani gumu tatu, akanirudisha nyumbani na gunia yote. Yeye aliona. Leta ingine."

Alikagua vitatu ndipo akaridhika.

Mtasema ni ukaidi. Mimi, mteja mwenzake, nilikuwa nimeshalipia tochi bila kuijaribu. Nikaitoa kwenye karatasi, nikabonyeza. Haikuwaka.

"Leta ingine," nikasema, kwa sauti ya yule mama.