Maji ya Kumwosha Abbasi

Mwajabu hakuwahi kuomba hata chumvi kwa jirani. Kule kwao, kwenye milima ya Kondoa, watu walilijua hilo kama wanavyoijua njia ya shambani. Kitu kikiisha nyumbani kwake, kimekwisha. Watu watalala na kilichopo, na asubuhi mtamkuta ameshafagia uwanja, kajitanda kanga yake kama mke wa sultani. Mumewe, marehemu Abbasi, alizoea kumtania: "Mke wangu huyu akikaa kwenye kivuli cha mti wa jirani, jioni anataka akirudishe."

Ndiyo maana watu walishika vichwa waliposikia kwamba Mwajabu amekwenda Dodoma kuishtaki Serikali.

Chanzo kilikuwa pampu ya kisima cha kijiji. Ilikufa, na fungu la kuitengeneza lilikuwapo, limetangazwa mkutanoni mbele ya watu wote. Mara fungu likageuzwa njia. Wakubwa wa halmashauri yao walikaa kikao, wakajipitishia posho mpya wangali madarakani, wakajigawia. Watu walinung'unika mpaka wakachoka. Ndipo alipokuja wakili mmoja msichana, Evelina, aliyesomea sheria chuo kikuu pale Chimwaga, Dodoma, akawaambia kwamba Katiba inamwekea kiongozi mpaka, hawezi kushika kibaba cha umma na kujipimia mwenyewe. Mwananchi wa kawaida anaweza kwenda Mahakama Kuu kuulinda mpaka huo.

"Nani atatoa jina lake?" akauliza.

Wanaume wakatazama ndala zao. Mwajabu akasema, "Andika langu. Halijawahi kufanya kazi tangu nipewe."

Akafikia Kizota, mtaa wa Dodoma mjini, kwa mdogo wake Munira, ambaye mumewe huchomelea mageti. Asubuhi ya kesi Munira alimtazama akifunga ushungi, akatikisa kichwa.

"Dada, kweli unakwenda kushindana na Serikali? Serikali haina hata masikio ya kushika!"

"Kama haina, leo itaazima. Twende."

Mahakamani karani alisimama akasoma kwa sauti: "Mwajabu Hamidu dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali." Mwajabu akauweka sawa ushungi wake. Jina alilopewa na baba yake kwenye nyumba ya tembe, leo limetajwa sambamba na Serikali nzima, tena limetangulia! Kisha majaji watatu wakaingia, na watu wote wakainuka. Maisha yake yote alikuwa ameona wadogo wakiinuka kwa ajili ya wakubwa. Hapa mkubwa na mdogo waliinuka pamoja, mawakili wa Serikali na suti zao, Munira na kanga yake, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Wakili wa Serikali, kijana mrefu aitwaye Fredy, alikuwa ameweka pingamizi. Alidai kwamba sheria inamtaka anayeshtaki awe ameguswa yeye mwenyewe, na huyu mama hakuguswa. Majaji wakaamuru aulizwe. Evelina alikuwa amemwonya mapema: "Mama, ukikosa la kwako mwenyewe, tunafukuzwa mlangoni kabla hatujasema neno juu ya zile posho."

Mwajabu akaapa kwa Msahafu. Fredy akasogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Watu wakacheka, hata jaji mmoja akainamisha uso. Fredy naye akatabasamu, lakini swali lake halikutabasamu.

"Mama, pampu ilipokufa kijiji kizima kilikosa maji. Wewe uliguswaje, ambavyo wengine hawakuguswa?"

Mwajabu akashika ukingo wa kizimba. Alilijua jibu, alikuwa amelifungia kifuani tangu mazishi. Bibi yake alimfundisha kwamba maji ya kumwosha maiti hutoka kwenye mtungi wa nyumba yake mwenyewe, na kuyaomba ni kumwaibisha marehemu. Alimtazama Evelina, kalamu imemganda mkononi. Akaelewa kwamba akilinda heshima yake, kesi inakufa hapohapo.

"Siku aliyofariki mume wangu," akasema, "mtungi ulikuwa mkavu. Korongoni tulichimba mchanga, hakikutoka kitu. Maiti imelala ndani, watu wamekaa uwanjani. Nikapita nyuma ya nyumba, nikabisha hodi kwa jirani yangu Ikram, aliyekuwa amebakiwa na ndoo moja ya akiba. Nikaomba maji. Mimi. Nikamwosha Abbasi kwa maji ya kuomba."

Hakuna aliyecheka. Munira alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Naye alikuwapo msibani, na hakujua.

Jaji wa katikati akasema polepole, "Rudia, mama. Tunaandika."

Akarudia. Akaona kalamu tatu zikienda pamoja juu ya karatasi, wazee watatu wenye elimu ya dunia nzima wamemwinamia Abbasi. Fredy akafunga jalada lake taratibu. "Sina swali zaidi, waheshimiwa. Pole, mama."

Majaji walitoka, wakarudi. Pingamizi limetupwa. Mama huyu ameguswa. Ana haki ya kusikilizwa, na Serikali itaitwa ijibu kuhusu zile posho. Kushinda au kushindwa ni jambo la mbele.

Kesho yake, alipofika kijijini, hakuingia kwake kwanza. Alipita nyuma ya nyumba, akabisha hodi kwa Ikram.

"Karibu, Bi Mwajabu. Umepungukiwa nini?"

"Sijapungukiwa. Nimekuja kukuambia kwamba maji yako yamefika Mahakama Kuu."

Ikram akashika mdomo. "Maji yangu? Ya ndoo ile ya bluu, iliyokatika mkono?"

"Hayohayo. Majaji walisimamisha kila kitu wakayaandika."

Ikram akaingia ndani, akaitoa ile ndoo, akaiweka katikati yao. Wakakaa wanaitazama.