Bafu Lililoliwa na Ng'ombe

Miaka ile ya sabini, watu walipohamia vijiji vipya, mimi nilikuwa fundi baiskeli pale Kambarage, mjini Shinyanga, na mchumba wangu alikuwa kijijini karibu na Masumbwe. Nilikwenda kwao nikiwa na raha moyoni, maana baba yake alishaniambia: "Mama yenu hana pa kuogea tangu tuhamie hapa. Mjengee bafu la matete, nikitoka mkutanoni jioni nilikague. Likinipendeza tutapanga siku ya harusi. Lisiponipendeza, utarudi kwenye baiskeli zako."

Kazi gani rahisi namna hiyo! Nikashuka bondeni na panga. Lo, majani! Marefu kuliko mimi, pande zote mbili za kijito, yote yanafanana. Kwetu Shinyanga ni ukame mtupu, tete nililijua kwa kusikia tu. Kulikuwa na wanawake wanachota maji, ningeuliza, lakini mtu wa mjini anauliza majani? Nikachagua yale laini yenye majani mengi, nikajisemea haya ndiyo yatakayomsitiri mama. Kufikia alasiri bafu lilikuwa limesimama kwenye nguzo nne, kijani kibichi, hata upepo haupenyi. Nilijipongeza peke yangu kwa sauti!

Mama mkwe akarudi shambani. Kwao mkwe wa kiume haangaliani na mama mkwe wala hasemeshani naye. Ukimwona anakuja, unaacha njia. Basi nikajificha nyuma ya nyumba, nikasikia anaingia na ndoo yake bafuni. Moyo ulinidunda kwa furaha.

Mara ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Nikasikia kafu, kafu, kafu. Halafu yowe: "Mayu wane! Mama yangu! Ng'ombe wananimaliza!"

Nilichungulia. Mungu wangu! Ng'ombe watatu walikuwa wanakula ukuta! Na khanga ya mama, aliyoitundika ukutani, ilikuwa inaning'inia kwenye pembe la dume. Nifanyeje? Nikimwendea nitamwona, nisipomwendea atabaki uchi mbele ya kijiji kizima. Nikaokota fimbo, nikageuka, nikaenda kinyumenyume huku nimefumba macho, fimbo inapiga hewa. Nikapapasa pembe, nikaipata khanga, nikairusha nyuma yangu.

Nikajua mke sina.

Kisha bua likaanguka miguuni pangu. "Livunje," alisema mama mkwe. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha.

Nikavunja, bado nimempa mgongo.

"Ndani kuna nini?"

"Nyama nyeupe, mama."

"Hayo ni mabingobingo, chakula cha ng'ombe! Tete lina uwazi ndani, bua lake gumu, linateleza. Likichanua, kichwa chake kinalegea kama manyoya. Bingobingo kichwa chake kimesimama, kama brashi ya kuoshea chupa. Hukuona?"

"Sikuona, mama. Nisamehe."

"Si ungeuliza!" Nikasikia anacheka, anajizuia, anacheka tena. Nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo nilitaka kucheka mimi pia. Nikainua fimbo niwafukuze wale ng'ombe.

"Waache," akasema. "Waache wamalize yote, upesi, kabla mzee hajafika." Akaingia ndani.

Walimaliza. Baba mkwe alipotokea, palibaki nguzo nne na kinyesi. Akanitazama, akatazama nguzo. "Bafu liko wapi?"

Sauti ikatoka ndani ya nyumba, tulivu kabisa: "Mimi nilimtuma mtoto amwambie akate majani ya ng'ombe kwanza. Leo kasimamisha nguzo tu. Matete ni kesho."

Mzee akawageukia ng'ombe wake, matumbo yamewajaa, akatabasamu. "Kijana wa mjini huyu, kumbe anajua mifugo! Haya, tukae tupange siku."

Nikakaa. Nilitamani kumshukuru yule mama, lakini sikuruhusiwa hata kutazama mlangoni.