Mstari Nilioufuta

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu katika polytechnic ya kijiji, si mbali na soko la Kalamba, na kati ya vyerehani na benchi za useremala tulikuwa na kompyuta moja. Hakuna aliyejua ni ya nini. Wafadhili wa kanisa waliileta, wakaomba, wakapiga picha, wakaenda zao. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kozi ya miezi mitatu ya BASIC, lugha ya kuiamrisha mashine, nikakabidhiwa ufunguo wa chumba.

Kazi ya kwanza ya maana iliyofanywa na mashine hiyo haikuwa ya shule. Ilikuwa ya mwethya wa mama yangu. Walikuwa wanawake ishirini na watatu, wakisaidiana kuchimba matuta kwenye shamba la kila mmoja kwa zamu, ili mvua isibebe udongo. Taabu ilikuwa zamu yenyewe. Kabla ya mvua za Novemba waliweza kumaliza mashamba kumi na manne tu. Aliyeangukia namba kumi na tano kwenda mbele alibaki akiyatazama mawingu kwa hofu. Zamani walipiga kura kwa karatasi ndani ya sufuria, na kila mwaka ikawa kesi: huyu kakunja karatasi yake kona, yule kachungulia. Nikajigamba kwamba mashine haina shangazi. Nikaandika programu fupi ya kuchanganya majina, na mwaka ule wote wakaridhika.

Mwaka uliofuata radi ikaiua mashine. Ikaletwa nyingine, mpya zaidi, nayo ikasemekana inajua BASIC. Programu nilikuwa nimeinakili kwenye daftari, basi asubuhi moja nikakaa, jenereta ikinguruma nje, nikaipiga chapa upya neno kwa neno.

Ikakwama palepale mwanzoni. Mstari wa ishirini, yaani wa pili, maana mistari ilihesabiwa kumi kumi, ulikuwa na neno moja tu, RANDOM, na mashine mpya haikulijua. Ikasema ni kosa. Mimi mwenyewe sikukumbuka vizuri neno lile lilikuwa na kazi gani. Nilikuwa nimelinakili kwa mwalimu wangu wa kozi kama unavyonakili sahihi. Nikaufuta mstari. Mashine ikaacha kulalamika juu yake, nami nikausahau.

Halafu yakaja mengine. Ikaandika nafasi tupu, ikaandika jina moja, kisha kimya. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, bado kimya. Siku nne nilizunguka na kitu hicho kichwani, nikifundisha hesabu za mbao huku sisikii ninachosema. Mwisho nikagundua kwamba mashine ya zamani ukiiambia RND(23), amri ya kuokota namba ya bahati, ilikupa namba kamili, moja hadi ishirini na tatu. Hii mpya, kwa maneno yale yale, ilikupa kipande cha namba, sifuri nukta kitu. Kwa nini, sikujua. Mama alizaliwa Tulia, upande wa Kitui, na baada ya miaka thelathini ya ndoa huku Makueni bado walimcheka anavyotamka maneno fulani. Nikajiambia ni mambo ya namna hiyo. Lakini mama walau alielewa alichoambiwa. Nikazidisha kipande kwa ishirini na tatu, nikakata desimali, nikaongeza moja, na majina yote yakatoka. Nilifurahi kama mjinga.

Wanawake wakaja Alhamisi mchana. Mke wa mchungaji akaomba, nikaiendesha programu, nikasoma majina kwa sauti. Wa kwanza alikuwa mama yangu. Wa mwisho alikuwa jirani yetu mzee tuliyemwita susu, yaani nyanya, ingawa hatukuwa na udugu naye. Susu alikuwa mjane na mgomvi, na korongo lilikuwa limemeza ghala lake mvua iliyopita. Sasa ukingo ulikuwa hatua sita kutoka jikoni kwake. Nilikuwa nimezipima mwenyewe.

"Rudia," susu akasema.

Nikaiendesha programu upya. Mama wa kwanza, susu wa mwisho, na kati yao kila mmoja mahali pake pale pale.

 Mtu akashauri mashine izimwe ipumzike kidogo. Nikaizima, nikaiwasha, nikaendesha tena. Orodha ile ile. Nusu ya chumba wakasema amina. Mke wa mchungaji akasema Mungu akisema mara tatu amesema, na wengine wakaanza wimbo.

"Mungu gani huyo anajua mama ya mwalimu peke yake?" susu akauliza, na wimbo ukafa. "Sikia, mwana wakwa. Karatasi ilikuwa inakunjwa, lakini tulikuwa tunaona mkono. Hii yako mkono iko wapi?"

 Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga, maana sikuwa nimefanya lolote, na zaidi kwa sababu sikuwa na hakika kwamba sikufanya lolote.  Mwenyekiti wa mwethya akanipa wiki moja nichunguze.

Wiki hiyo nilikisoma kitabu kilichokuja na mashine, Kiingereza chake kikiwa kigumu kama mahindi ya mwaka juzi, mpaka nikafika ukurasa uliozungumzia mstari wangu wa ishirini. Neno lile ndilo lililokuwa likiichanganya mashine kabla ya kura. Bila hilo, hii mpya huanzia mahali pamoja siku zote. Ilikuwa na amri yake yenyewe ya kazi hiyo, ila yake ilitaka kwanza uipe namba. Na kila namba ina orodha yake, na orodha hiyo haibadiliki, hata uizime mara mia.

Hapo nikachanganyikiwa kuliko mwanzo. Kama namba saba itatoa orodha ile ile leo na mwaka kesho, basi bahati iko wapi? Nikaanza kujaribu. Moja, mbili, tatu, hadi arobaini na kitu, na kwa kila namba nikaandika daftarini mambo mawili tu: mama wa ngapi, susu wa ngapi. Nilijiambia nataka kuelewa tu. Namba kadhaa ziliwaweka wote wawili mahali pazuri. Lakini jicho langu lilirudi kwenye thelathini na moja: susu wa kwanza, mama wa ishirini na moja. Hiyo ingemfunga susu mdomo, na hakuna ambaye angesema tena kwamba mashine inamjua mama yangu.

Alhamisi iliyofuata nikawaeleza. Nilifuta mstari, nikasema, kosa ni langu, na sasa mashine inataka namba kutoka kwa mmoja wenu. Nilikuwa nimeamua kupokea namba yoyote watakayotoa. Naapa nilikuwa nimeamua hivyo.

"Namba nitatoa mimi," susu akasema. "Nane."

Hakuna aliyepinga. Mama alikuwa ameketi kando ya meza, karibu kabisa na mashine, mikono mapajani. Nikakumbuka daftari. Nane: mama wa sita, susu wa kumi na tisa. Nikaona zile hatua sita za jikoni kwake. Nikaona pia uso wake utakavyonigeukia mbele ya watu, na mpaka leo sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichonisukuma. Nikabonyeza, nikasoma majina.

Wa kwanza, susu. Chumba kikacheka, wakampigia makofi. Yeye akajifunga leso yake vizuri.

"Mnaona? Hiyo namba yangu ni mzuri. Sasa mashine imepona."

Wakachimba kwake Jumatatu, mitaro mitatu ya juu na miwili ya chini, na mvua ilipokuja korongo likasimama pale lilipokuwa. Kwetu hawakufika. Usiku wa mvua ya tatu, sehemu ya chini ya shamba, pale mama alipokuwa amepanda mbaazi, iliteremka mtoni yote.

Asubuhi tulisimama pale pamoja, matope yametufika kwenye vifundo. Mama hajui kusoma. Akautazama ule udongo mwekundu uliobaki.

"Nane inabonyezwa mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara moja, mama."

"Halafu ile batani kubwa ya kumaliza."

"Ndiyo."

"Mimi nilisikia mara tatu."

 Ningeweza kumweleza mambo ya mashine mbili zinazosema lugha moja na hazielewani, na kile kitabu, na mstari wa ishirini. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya Kiingereza, na hakuna lililofaa.

"Na hiyo nane ya haki," akasema, "ilinipa ya ngapi?"

Nilitaka kusema ishirini. Nilitaka sana.

"Ya sita," nikasema.

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. Kisha akaenda nyumbani, akarudi na majembe mawili, akaniwekea moja mkononi, na tukaanza kuchimba, sisi wawili, mahali ambapo wangechimba wanawake ishirini na watatu.