Jiwe Lililong'olewa kwenye Pete

Binti yake alipochumbiwa, mama mkata vito alikuwa amezeekea kwenye gurudumu lake la kusagia mawe, maji yakimchuruzika vidoleni, akiyang'arisha mawe ya wenzake. Yeye mwenyewe hakuwa na hata kipini. Safari hiyo aliteua ganeti moja, kito chekundu cha kuiva, kisicho na ufa wala doa, akaikata kwa mkono wake. Ilipokamilika aliinyanyua dirishani, akacheka peke yake. Sonara akaitia kwenye pete ya bi harusi.

Harusi ikapita. Siku moja mama akaenda kumjulia hali mwanawe kwa wakwe zake. Chai haijamiminwa, jicho lake likaangukia ile pete. Jiwe lilikuwa jingine.

"Mwanangu, jiwe langu liko wapi?"

Binti akaficha mkono chini ya meza. Aliyejibu ni mama mkwe wake, kwa sauti ya kumhurumia mtu. "Dada yangu, usinielewe vibaya. Lile si lilikuwa ganeti tu? Watu wanaangalia. Tukamwekea rubi, jiwe la bei."

Mkata vito hakumtazama, akamgeukia binti. "Na wewe ukakubali?"

"Mama, sikutaka maneno."

"Ya kwao hukuyataka. Ya kwangu je?"

Mkata vito akainuka. Chai akaiacha mezani, akaenda moja kwa moja kwa sonara. Sonara, macho pembeni, akavuta droo. Ganeti ilikuwa imetupwa humo pamoja na rubi na almasi, mawe magumu kuliko yenyewe, nayo yalikuwa yameikwaruza uso mzima.

"Walisema hawaihitaji, mama."

"Na wewe fundi mzima umekosa hata kitambaa cha kuifungia? Lete hapa!"

Akaikata upya. Mikwaruzo ilitoka, ila jiwe likapungua, na kila lilipopungua aliwalaani kwa sauti: yule mama mkwe, sonara, na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Lililobaki akalitia kwenye pete ya kidole chake.

Binti alipokuja alisimama mlangoni, machozi yakimtoka. "Mama, nisamehe. Nirudishie jiwe, nitalivaa."

Mkata vito hakulisimamisha gurudumu. "Kusamehe nitakusamehe, nitakupeleka wapi? Lakini si leo. Na jiwe ni langu."

Akamsukumia kigoda kwa mguu, akageuka, akaendelea kusaga kwa nguvu, maji yakiwarukia wote wawili.