Jinsi Nilivyojifunza Kugawa Maji

Mchezo wenyewe ni mzuri. Naanza hapo kwa sababu kila ninayemsimulia hutaka niulaani, na mimi sipendi kusingizia hata kitu kisicho na roho. Niliukuta ndani ya kompyuta kuukuu niliyonunua nilipokuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa nakala kule Sultan Hamud. Ukiufungua, kwanza unakuonya kwamba si wa walio chini ya miaka kumi na minane. Kisha unakupa mji uliozingirwa na maadui, ghala lenye nafaka kidogo, kisima kimoja, na watu mia tatu wanaokutazama wewe tu. Hakuna jeshi linalokuja kuwaokoa. Kazi yako ni kuamua nani ale, nani anywe na nani atolewe nje ya lango, mpaka maadui wachoke waende zao.

Kinachoupa sifa ni kwamba haukubembelezi. Michezo mingine ya mbinu za vita humfanya mtu ajione jemadari hata kama maishani mwake hajawahi kuongoza mbuzi wawili. Huu unakuwekea mlangoni mama mwenye mtoto mgonjwa, na ukimpa dawa, mlinzi wako wa ukuta anakufa kesho yake. Nilikuwa nikiucheza saa moja natoka nje kupunga upepo nikiwa na hasira kana kwamba nimegombana na mtu. Watu wasionijua walitengeneza kitu kikaniumiza, na nikawaheshimu kwa hilo.

Ila wana aibu zao. Mjini humo kuna jumba ambamo wanawake hujiuza kwa mkate, na ukiliruhusu, askari hutulia. Najua njaa hufikisha watu huko, sikatai. Lakini waliochora walitaka kuonyesha dhiki wakaishia kuonyesha mapaja. Wanaume wa mji ule wamekonda kwa heshima zao zote. Nilipohamia kwa mama, ambaye hakosi ibada labda awe amelazwa, ilibidi kidole changu kikae tayari kuufunga. Niliona haya, na niliendelea kucheza.

Nilihamia kwa mama kwa sababu kibanda kilinishinda. Kwetu ni mbele ya Tseikuru, kwenye nchi ya mbuzi na miiba, na mwaka ule mvua ilikuwa imetukosa misimu mitatu. Silanga, lile bwawa letu la udongo, lilikuwa limejaa matope makavu. Kilichobaki ni kisima cha mashine, nacho kilitoa maji asubuhi kwa saa chache kisha kikakohoa hewa. Kamati ya maji ilihitaji katibu. Wakanichagua mimi, eti najua kompyuta. Kichwa kikanivimba.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa shangazi yangu, dada ya baba. Alikuwa amerudi nyumbani zamani baada ya ndoa kumshinda, hakujaliwa mtoto, na nilipokuwa mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati mama akiwa hoi kitandani. Mchana alikuwa akija kuchaji simu kwa sola ya mama. Siku moja alisimama nyuma yangu akaukodolea macho ule mji.

"Hawa watu yako wanakula nini?" akauliza.

"Wanagawiwa, shangazi. Mimi ndio nagawa."

"Na wewe, unakula saa ngapi?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Katika mchezo ule mtawala hali, hanywi, wala hana shangazi. Nilikuwa nimeucheza miezi na sijawahi kuliona hilo.

Sasa nieleze kosa langu. Kamati iliamua silanga lifukuliwe kabla ya mvua, ikija, na kazi hiyo kwetu hufanywa kwa mwethya: watu wa kijiji huitana, kila boma hutoa mtu, wote wakachimba pamoja. Tangu nizaliwe, asiyeweza kushika jembe hupika. Bibi mwenye goti bovu huleta sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yake, akaketi kando akiwachekesha wachimbaji, na huyo huhesabiwa amefika. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuisahau.

Mimi nikaandika nyingine. Mchezo ulikuwa umenifundisha kwamba mji huokolewa na anayekaza mapema: mtu ni mfanyakazi au si mfanyakazi, na maji huenda kwa wanaofanya kazi. Nikaipeleka kwenye kamati. Atakayekosa kuchimba mara tatu, boma lake linakosa zamu ya kisima wiki nzima. Kupika si kuchimba. Wazee walitazamana, mmoja akakuna kidevu, wakasema basi, kijana amesoma. Wangenikatalia siku ile ningewachukia, na leo ningewabusu miguu.

Shangazi, naye mwenye goti bovu, alileta isyo mara tatu. Mara tatu nilikula isyo yake, kisha nikaandika kwamba hakufika.

Ningeweza kumpitisha. Hakuna ambaye angeuliza. Lakini katika mchezo, ukimwadhibu mtu wa ukoo wako kwanza, imani ya watu kwako hupanda, na mimi nilitamani kuonwa kuwa sina upendeleo. Nikasoma jina lake hadharani pale kisimani, la kwanza kabisa. Yeye akaitikia kwa kichwa, akageuza punda wake mwenye mitungi mitupu, akaenda. Mwenyekiti alinipiga bega akasema nina msimamo, na nilirudi nyumbani nikitembea kifua mbele.

Juu ya kioo cha mchezo ule kuna mstari unaopima hasira za watu. Ukiwanyima, unapanda na kuwa mwekundu, na ukifika mwisho wanachoma ghala na kukutupa nje ya ukuta. Mstari ukitulia, unatawala vizuri. Nami wiki ile nilikuwa nikiutafuta mstari huo katika nyuso za watu. Nilimwangalia shangazi kanisani Jumapili, akanisalimia kama kawaida, akauliza kama kikohozi changu kimepona. Nikaona mambo yako sawa. Sikumuuliza anakunywa nini. Naandika sentensi hiyo na natamani kujipiga makofi.

Alikuwa akichota mtoni. Mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi, na ukichimba unapata maji chini, lakini mwaka ule yalikuwa yamezama mno hata vijana waliogopa mashimo yale. Yeye na goti lake alishuka ndani ya shimo la zamani, akalichimba zaidi kwa bakuli, asubuhi baada ya asubuhi, ili mbuzi wake watano wapate kitu. Siku ya tano ukuta wa mchanga ulimwangukia. Wachungaji wa mbuzi walimkuta saa nane mchana, amefukiwa hadi kifuani, punda amesimama juu akimsubiri. Nyonga ilikuwa imevunjika na mbavu pia.

Mama aliposikia alinitazama tu. Hakunitukana. Nilimwambia, "Mama, sema kitu." Akasema, "Nikisema, itakusaidia nini?" Akaenda kufunga nguo za kupeleka hospitali.

Kabla ya kumfuata niliufungua mchezo, sijui kwa nini, pengine nilitaka kumkuta mtu wa kulaumu. Niliwanyima maji wazee wa mji, nikakaa nikitazama. Mstari ukapanda, wakapiga kelele, wakarusha mawe dirishani kwangu. Hapo ndipo nilipoiona kasoro kubwa kuliko lile jumba la mapaja. Waliotengeneza mchezo ule wanaamini kwamba ukimwonea mtu, atakukasirikia. Waliona vifo vya kila aina wakavichora vizuri sana. Hawakumjua mtu anayekupenda kiasi cha kukubaliana nawe. Mimi nilimjua, nilikuwa nimebebwa mgongoni mwake, na bado nilikwenda kujifunza watu kwa wageni.

Hospitalini mjini Kitui nilimkuta amelala chali, amekuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, midomo imepasuka. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba kutembea tena ni vigumu. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Nilitaka anitukane mbele ya wodi nzima, nilikuwa na njaa ya hilo. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mwingine, na shangazi akamwonyesha mimi kwa kidole.

"Huyu ndio ule kijana nilikuambia. Ndio katibu. Hana mambo ya kupendelea mtu, hata mimi shangazi yake alinikatia maji."

Alilisema kwa fahari. Yule mama akaniangalia, kisha akaangalia ukuta. Nilipiga magoti kando ya kitanda, maneno yote niliyopanga yamenitoka. Shangazi alidhani namwombea, akafumba macho akangoja. Kisha akanishika mkono, akaniita mwanawe kwa lugha yetu, akaniuliza polepole, kama mtu anayeogopa kusumbua.

"Mwana wakwa, hizi siku niko hapa, kule silanga utaandika nimekosa?"

Nikamwambia hapana.

Akanishukuru.